Mzingefuri wa Nyangwe: kichaka cha lupango kilichotoa wino wa habari za mauaji ya soko

NYANGWE, wilaya ya Kasongo – Kati ya vichaka vinavyopandwa kando ya nyumba kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi bonde la Lualaba, mzingefuri haufanani na kingine. Majani yake yana umbo la moyo. Yakiwa machanga huwa na wekundu, na yakikomaa yanakuwa ya kijani kizito. Maua yake ni meupe au ya waridi, na nyuki huyapenda sana. Baada ya maua hutokea vifuko vyekundu vyenye miiba laini isiyochoma. Ukipasua kifuko kimoja ukagusa mbegu, vidole vinabaki na rangi nyekundu inayoelekea chungwa, na rangi hiyo haitoki upesi kwa maji.

Wengi huupanda kwa sababu ya uzuri wake, wengine kwa rangi, wengine wanaufanya ua wa lupango. Lakini hapa Nyangwe mti huu una historia ambayo haupo nayo mahali pengine popote. Mwaka 1871 mbegu zake zilitengenezwa wino, na kwa wino huo ziliandikwa habari za siku ambayo mamia ya watu, wengi wao akina mama, waliuawa katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba.

Mti wenye majina mengi

Mzingefuri si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka nchi za joto za Amerika, ambako wenyeji wa huko walijipaka rangi yake mwilini tangu zamani. Jina lake la kitaalamu ni Bixa orellana, na sehemu ya pili ya jina hilo inamkumbuka Francisco de Orellana, Mhispania aliyeshuka mto Amazon mwaka 1541 na 1542. Kwa Kifaransa unaitwa rocouyer. Zanzibar na pwani wanauita mzingefuri, na mbegu zake ni zingefuri. Upande wa Kwale, nchini Kenya, wakulima huupanda mashambani kwa ajili ya kuuza, kwa sababu viwanda vya dunia vinatumia rangi yake kutia jibini, siagi na margarini umanjano unaovutia.

Wakati wageni wa kwanza wa Ulaya walipofika Manyema, rangi hii ilikuwa tayari inajulikana na kutumika. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, aliandika kwamba Waarabu waliita mmea huo kwa jina linalokaribiana na zingefuri, na kwamba watu wa Manyema waliutumia kutia rangi viramba, yaani vile vitambaa vya nyuzi za rafia, na kujipamba usoni na kichwani. Kwa hiyo kabla haujawa wino wa mgeni, mzingefuri ulikuwa rangi ya nguo na ya urembo wa watu wa hapa.

Karatasi zilipokwisha Kabambare

Livingstone alikuja Manyema akitafuta chanzo cha mto Nile. Aliamini kwamba Lualaba huenda ndio Nile yenyewe. Alikosea: Lualaba ni mto Kongo, na jambo hilo lilithibitishwa na safari ya Stanley ya mwaka 1876 na 1877. Lakini katika kutafuta huko Livingstone alikaa sana katika eneo letu. Kuanzia Julai 1870 hadi katikati ya Februari 1871 alikuwa Kabambare, mji ambao yeye aliuandika kwa jina la Bambarre. Vidonda vya miguu vilimzuia kutembea.

Huko aliishiwa na karibu kila kitu, karatasi na wino vikiwemo. Tarehe 5 Februari 1871 alimwandikia barua rafiki yake Horace Waller kutoka Kabambare, akilalamika juu ya afya yake na safari iliyokwama. Siku chache baadaye aliondoka, na tarehe 29 Machi 1871 aliwasili Nyangwe.

Kwa kuwa hakuwa tena na daftari tupu, alichukua gazeti kuukuu la Uingereza lililoitwa The Standard, la tarehe 24 Novemba 1869. Aligeuza kurasa na kuandika juu ya maandishi ya gazeti, mistari yake ikipita kwa kukata ile iliyochapwa. Na wino ulipokwisha, alitengeneza mwingine kwa mbegu za zingefuri. Ndivyo ilivyotokea kwamba shajara ya Nyangwe ikaandikwa kwa rangi ya mti wa hapa hapa, juu ya gazeti la London.

Soko la akina mama

Nyangwe ya wakati ule ilikuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani na Zanzibar. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lakini kilichomshangaza Livingstone zaidi ni soko. Lilifanyika siku moja, kisha watu wakaenda kwenye masoko mengine kwa siku tatu, halafu wakarudi. Alikadiria kwamba siku nyingine waliofika walikuwa karibu 3,000, na wengi wao walikuwa wanawake.

Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, wengine wakivuka kutoka ng'ambo ya Lualaba. Walileta vyungu vya udongo, mihogo, samaki, kuku na vitambaa vya rafia. Livingstone aliona kwamba watu hawakupenda kuuziana njiani wala nyumbani. Ukimwambia mtu akuuzie kuku wake, anakujibu: njoo sokoni. Sababu aliyoiona ni kwamba wingi wa watu uliwapa moyo, na mtu akidhulumiwa wengine walimtetea. Mwenye kujua soko la Kasongo, la Kabambare au la Kibombo leo hatashangaa kusikia hayo.

Kwa hiyo soko halikuwa mahali pa bidhaa peke yake. Lilikuwa mahali pa amani. Watu wa vijiji vilivyokuwa na ugomvi waliweza kukutana pale na kurudi makwao salama. Jambo hilo ndilo lililovunjwa mwezi Julai.

Jumamosi, tarehe 15 Julai 1871

Mwezi Juni 1871 aliwasili Nyangwe mfanyabiashara Dugumbe bin Habib, akiwa na jamaa yake yote na bunduki zipatazo 500. Alikusudia kukaa miaka sita au saba na kufungua njia mpya za biashara. Ujio wake ulileta mashindano baina ya wafanyabiashara juu ya nani awe rafiki wa machifu wa ng'ambo ya mto. Mtumwa mmoja aitwaye Manilla, mtu wa Syde bin Habib, alikuwa amefanya urafiki na chifu mmoja wa huko, na wenye bunduki wa upande wa Dugumbe hawakupendezwa.

Asubuhi ya tarehe 15 Julai kulikuwa na joto. Watu wapatao 1,500 walikuja sokoni. Livingstone alitembea sokoni kidogo, na alipokuwa anatoka aliona watu watatu wenye bunduki. Alishangaa, kwa kuwa si desturi kuingia sokoni na silaha. Mmoja wao alianza kubishana na mwenye kuku juu ya bei. Mara bunduki zikalia katikati ya watu.

Watu walitupa mizigo yao na kukimbilia mtoni. Mitumbwi zaidi ya 50 ilikuwa imefungwa katika hori moja jembamba, ikabanana isiweze kutoka. Wengine wenye bunduki walisimama juu karibu na hori na kuwapiga risasi akina mama waliokuwa wanahangaika kuisukuma mitumbwi. Wengi waliruka majini na kuogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali. Livingstone aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, na vichwa hivyo vikapotea kimoja baada ya kingine. Mama mmoja alikataa kuokolewa kwa mtumbwi, kwa sababu aliamini kwamba anayemwokoa atamfanya mtumwa.

Dugumbe alituma watu na mtumbwi, wakawaokoa watu 21. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Aliyetajwa na Livingstone kuwa kiongozi wa wapigaji ni mtu aliyeitwa Tagamoio. Ng'ambo ya mto vijiji vilichomwa moto siku hiyo hiyo, na moshi ulionekana kutoka Nyangwe.

Tarehe 20 Julai Livingstone aliondoka Nyangwe akarudi mashariki. Alifika Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, na hapo ndipo Stanley alipomkuta. Stanley alipeleka barua zake Ulaya mwaka 1872. Habari za Nyangwe ziliposomwa London ziliamsha hasira, na zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma serikali ya Uingereza kumtuma Sir Bartle Frere Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Kwa njia hiyo damu ya akina mama wa Nyangwe ilihesabiwa katika uamuzi uliofanywa mbali sana na Lualaba.

Wino uliofifia

Rangi ya zingefuri ina udhaifu mmoja unaojulikana na kila anayeitumia: mwanga unaipunguza. Nguo iliyotiwa rangi hiyo ikianikwa juani mara kwa mara inapauka. Ndivyo ilivyokuwa kwa shajara. Kadiri miaka ilivyopita maandishi yalififia, karatasi ya gazeti ikawa hafifu, na herufi nyeusi za The Standard zikabaki wazi kuliko maneno ya Livingstone mwenyewe.

Kwa hiyo kwa miaka karibu 140 dunia ilisoma habari za Nyangwe kutoka nakala. Livingstone alizinakili upya katika daftari lake kubwa baada ya kutoka Manyema, na baada ya kifo chake cha mwaka 1873 Horace Waller alizitoa kama kitabu mwaka 1874. Anayenakili mara nyingi hurekebisha, na anayechapisha hurekebisha tena.

Mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipiga picha kurasa zile huko Scotland. Walitumia mianga ya aina nyingi, hata ile isiyoonekana kwa jicho, kisha kompyuta ikatenganisha rangi ya zingefuri na wino wa gazeti. Walianza na ile barua ya Kabambare, kisha mwezi Novemba 2011 wakaiweka shajara ya Nyangwe katika intaneti ili kila mtu aisome bure.

Yaliyoonekana hayakulingana kabisa na kitabu. Katika shajara Livingstone anazungumza kwa ukali mkubwa juu ya watu wake mwenyewe, wale watumwa wa Mabaniani waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Katika kitabu ukali huo umepunguzwa. Wataalamu wa mradi huo wameuliza kama baadhi ya watu wa msafara wake nao walihusika katika vurugu za siku ile, na kama ndiyo sababu mambo mengine yalilainishwa baadaye. Swali hilo halipunguzi hatia ya wenye bunduki. Linaonyesha tu kwamba hata shahidi mwema huchagua la kusema.

Kuna upungufu mwingine ambao hakuna taa inayoweza kuuondoa. Majina ya wenye bunduki yamo: Dugumbe, Tagamoio, Manilla. Jina la mama aliyekuwa na kuku halimo. Majina ya waliozama hayamo. Livingstone aliwahesabu, akawahurumia, lakini hakuwajua. Waliowajua ni watu wa vijiji vya pande zote mbili za mto, na wao hawakuandika. Walisimulia.

Bustani zinazobaki nyuma

Soko la Nyangwe halikufa siku ile. Mwingereza Cameron alipita mwaka 1874 na Stanley akaja Oktoba 1876, na wote wawili walikuta soko likiendelea, akina mama wakija na mitumbwi yao. Kurudi kwao pale baada ya yaliyotokea ni ujasiri ambao historia haijausema vya kutosha.

Kisha ikaja vita baina ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu. Nyangwe ilitekwa mwezi Machi 1893 na majeshi ya Dhanis, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, alisimulia bustani walizozikuta Kasongo: michungwa mitamu na michungu, mipera, mikomamanga, miembe, mananasi na migomba, pamoja na ghala zilizojaa mchele, kahawa na mahindi. Wenyewe walikuwa wamekimbia. Waliozipanda bustani hizo, wengi wao watumwa na wake wa watu, walikuwa hawapo tena kuzivuna.

Picha hiyo inaeleweka vizuri na familia zilizotoka Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare katika miaka ya karibuni. Mtu anapokimbia risasi anabeba mtoto, sufuria na godoro kama amebahatika. Mwembe hauwezi kubebwa. Ua wa lupango unabaki, na miezi michache baadaye majani yanafunika mlango. Lakini mbegu inabebwa, hata katika fundo la kitenge.

Namna ya kuupanda

Mzingefuri unafaa kwa nyumba yenye nafasi ndogo, hata kwa familia iliyopewa kipande cha ardhi tu na wenyeji. Unapenda jua na joto, na hauna masharti mengi juu ya udongo ilimradi maji yasituame.

Chagua vifuko vilivyokauka na kuanza kupasuka vyenyewe. Toa mbegu, ziloweke katika maji usiku mmoja, kisha zipande kina cha kidole kimoja kwa upana, kwenye kitalu chenye kivuli kidogo au katika mfuko wenye udongo. Miche ikifika urefu wa shubiri moja, ihamishe mwanzo wa mvua, ili ipate mizizi kabla ya kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kwa ua panda kila baada ya hatua moja. Kwa mti wa peke yake acha hatua tatu au nne. Kutoka kwenye mbegu, maua ya kwanza yanaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ukitumia vipande vya matawi huwa mapema zaidi. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kata matawi baada ya kuvuna vifuko, si wakati mti unajiandaa kutoa maua.

Kwa rangi ya chakula, pasha mbegu katika mafuta meupe juu ya moto mdogo mpaka mafuta yawe mekundu, kisha chuja. Moto mkali huunguza mbegu na kuleta uchungu. Mbegu za kuhifadhi ziwekwe pakavu katika chombo kisichopitisha mwanga, kwa sababu ile ile iliyofanya shajara ififie.

Mtoto akiuliza kwa nini mti huu umepandwa mlangoni, anaweza kuambiwa kwamba ulitia rangi viramba vya wazee wake, na kwamba mgeni mmoja aliutumia kuandika yaliyowapata mabibi zake sokoni tarehe 15 Julai 1871. Kisha aambiwe na yale ambayo mgeni hakuyajua: jina la kijiji ambacho familia ilitoka, upande gani wa mto, soko la siku gani, na majina ya mabibi waliokuwa wakienda huko. Wazee wanaoyajua bado wapo Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na wengine wako kambini na katika nyumba za waliowapokea. Hayo yanafaa kuulizwa sasa, na kuandikwa kwa wino usiopauka.